UZI: Wanawake wa kwanza Kenya, na miaka waliyokaa peke yao

FundiStima_Umoja (mwenye uzi)

Wadau, salaam.

Kila Machi ikifika, zile picha zinaanza kuzunguka kwenye magrupu. Jaji wa kwanza mwanamke, rubani wa kwanza, meya wa kwanza. Sura, jina, mwaka, basi. Nazipenda na huwa nazisambaza kwa binti zangu. Ila kuna jambo hazilisemi, na ndilo nataka tulizungumze humu kwa kina: huyo wa kwanza alikaa peke yake miaka mingapi kabla wa pili kuja? Na kabla yake, ni nini hasa kilichokuwa kimezuia? Kanuni gani, barua gani, ofisi gani?

Nauliza kwa sababu picha zile zinamfanya mtu aamini kwamba kabla ya 1969, kwa mfano, hakukuwa na mwanamke Kenya nzima mwenye akili ya kuwa mbunge, halafu ghafla akazaliwa mmoja. Haikuwa hivyo.

Chukua shule. Alliance ya wavulana ilifunguliwa pale Kikuyu mwaka 1926. Ya wasichana, iliyoitwa African Girls' High School wakati huo, ikaja 1948. Hiyo ni miaka 22. Wavulana waliotoka hapo 1926 na kuendelea ndio waliokwenda Makerere, ndio waliorudi walimu, makarani wakubwa, na baadaye mawaziri wa serikali ya kwanza. Sasa ukiona baraza la mawaziri la uhuru halina mwanamke, usianze kutafuta sababu 1963. Anza 1926. Na hapo kumbuka tunasema tu juu ya wale waliobahatika kuwa karibu na misheni. Msichana wa Mandera au Lodwar hata huo mwaka 1948 haukumfikia.

Nitaanza na Wangari Maathai. Najua mmemchoka kwenye picha, lakini nipeni nafasi. Maisha yake yanaonyesha mambo ambayo picha hazionyeshi.

FundiStima_Umoja (mwenye uzi)

Naendelea.

Wangari anatoka Ihithe, Nyeri, mzaliwa wa 1940. Alisoma Marekani, akapata shahada ya kwanza Kansas mwaka 1964 na ya uzamili Pittsburgh 1966. Akarudi Nairobi mwanzoni mwa 1966 akiwa na barua ya kuajiriwa chuo kikuu, idara ya zuolojia. Alipofika kuripoti akaambiwa nafasi ile imeshapewa mtu mwingine. Barua mkononi, kazi hakuna. Yeye mwenyewe aliamini sababu ni mbili, kabila na kwamba ni mwanamke.

Aliyemwokoa ni profesa Mjerumani, Reinhold Hofmann, aliyekuwa akianzisha idara ya anatomia ya mifugo pale Chiromo. Alihitaji mtu anayejua kutayarisha tishu na kuzisoma kwenye darubini, na Wangari alikuwa amesomea kazi hiyo. Mwaka 1971 akapata shahada ya uzamifu, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na ya Kati. Mwaka 1976 akawa mkuu wa idara, 1977 profesa mshiriki.

Sasa hapa ndipo picha inapoishia na mimi ndipo napotaka tukae. Miaka hiyohiyo ya sabini, akiwa na uzamifu wake, mhadhiri mwanamke pale chuoni hakupewa marupurupu sawa na mwanamume wa cheo kilekile. Nyumba, pensheni, matibabu. Ilichukuliwa kwamba mwanamke ana mume, na mume ndiye wa kupewa nyumba. Wangari na mwenzake Vertistine Mbaya walipigania jambo hilo kwa muda mrefu. Kwa hiyo mwanafunzi aliyemwona mbele ya darasa akidhani ameshafika, hakujua kwamba mama huyu akitoka hapo anakwenda kuandika barua ya kudai nyumba.

Halafu 1982. Akataka kugombea ubunge kwenye uchaguzi mdogo kule Nyeri. Sheria ilimtaka ajiuzulu chuo kikuu kwanza. Akajiuzulu. Kisha akaambiwa hawezi kugombea kwa sababu ya usajili wake wa kura. Akarudi chuoni kuomba kazi yake, wakamkatalia, na nyumba ya chuo akatakiwa aihame. Mkuu wa idara wa kwanza mwanamke akawa hana kazi wala makao kwa wakati mmoja. Nikisoma hapo huwa nasimama. Ndiyo maana sipendi mtu akisema "alifanikiwa" kana kwamba alipanda ngazi akafika juu.

Miti aliianza kabla ya hapo. Tarehe 5 Juni 1977 walitembea kutoka jumba la mikutano la KICC hadi Kamukunji wakapanda miti saba. Kamukunji yetu hiihii ya jua kali na mabati. Mwaka 1989 ndipo alipopinga lile jengo la ghorofa 60 lililokuwa lijengwe ndani ya Uhuru Park. Wabunge walimdhihaki kwa kuwa ameachika, Bungeni, mchana kweupe. Shirika lake likafukuzwa kwenye ofisi ya serikali kwa notisi ya siku moja, likahamia nyumbani kwake South C. Jengo halikujengwa. Leo Jumapili ukienda Uhuru Park unakuta familia zimekaa kwenye nyasi, watoto wanakimbia, na wengi hawajui kwamba pale pangekuwa na parkingi.

Nobel ilikuja 2004, mwanamke wa kwanza Mwafrika kupata ile ya Amani. Miaka 22 baada ya kuhamishwa kwenye nyumba ya chuo.

Karibuni mchangie. Leteni walio kwenye fani zenu, lakini tafadhali msilete jina na mwaka peke yake. Leteni na kilichomkuta.

MwanaKisumu

Asante dadangu kwa uzi. Mimi naleta Grace Onyango, mama yetu.

Alikuwa mwalimu kwanza, kisha diwani Kisumu. Meya aliyekuwapo alipofariki 1965, yeye akachukua kiti, meya wa kwanza mwanamke katika Kenya huru. Mwaka 1969 akagombea ubunge wa Kisumu Town akashinda, mwanamke wa kwanza Kenya kuchaguliwa na wananchi kuingia Bungeni. Na ukumbuke 1969 Kisumu ilikuwa mji wa namna gani. Waziri Tom Mboya ameuawa Julai, Oktoba kukawa na ule msiba wa risasi mbele ya hospitali ya Nyanza siku rais alipokuja. Ndani ya mwaka huohuo mama anasimama anaomba kura, na anapewa.

Umeuliza wa pili alikuja lini. Ni 1974. Uchaguzi ule ndio ulioingiza Julia Ojiambo, Nyiva Mwendwa na Chelagat Mutai, na Mama Grace akarudishwa. Kwa hiyo muhula mzima, miaka mitano, alikuwa mwanamke pekee aliyechaguliwa na watu katika ukumbi ule. Waliposema "waheshimiwa mabwana" walikuwa karibu sahihi.

Alifariki 2023 akiwa na umri unaokaribia miaka 100. Nyumbani tuliomboleza, lakini vijana wengi wa Nairobi niliofanya nao kazi walikuwa wanauliza ni nani.

Mdadisi254

Naomba kusahihisha kidogo kwa nia njema. Watu husema Margaret Kenyatta ndiye meya wa kwanza mwanamke wa Nairobi. Nairobi ilikuwa na meya mwanamke tangu 1938, Gwladys Delamere, mjane wa Lord Delamere, hadi 1940. Margaret alikuja 1970. Tukisema historia tuseme yote.

FundiStima_Umoja (mwenye uzi)

@Mdadisi254 umesema kweli kuhusu mwaka, na nashukuru. Ila tuutazame huo mwaka 1938 vizuri. Nairobi ya wakati huo, baraza lake halikuchaguliwa na Waafrika, na Mwafrika mwenyewe alitembea mjini na kipande, yaani kitambulisho cha lazima, shingoni. Mwanamke mweupe aliweza kuwa meya wakati mwanamume mweusi hakuweza hata kulala mtaa anaoutaka. Kwa hiyo Lady Delamere ni wa kwanza, ndiyo, na nitamwandika. Lakini umeya wake haukumsogeza mwanamke wa Pumwani hata hatua moja.

Margaret Kenyatta alikuwa meya 1970 hadi 1976. Mtu atasema alikuwa binti wa rais, na ni kweli alikuwa. Hata hivyo alikuwa diwani kwa miaka kabla ya hapo. Mimi simwondolei lake.

@MwanaKisumu umenikumbusha Chelagat Mutai. Aliingia Bungeni 1974 akiwa na miaka kama 25, akiwakilisha Eldoret North. Akafungwa jela. Mwaka 1981 akakimbilia uhamishoni Tanzania. Kwenye lile kundi la wabunge waliopewa jina la "ndevu saba" yeye ndiye aliyekuwa mwanamke. Huyu hayumo kwenye picha za Machi, sijui kwa nini, maana kwa maoni yangu ujasiri wake haukuwa na mfano Bunge lile.

Na waziri kamili wa kwanza mwanamke, Nyiva Mwendwa, ni 1995. Kutoka uhuru, miaka 32.

Mwenye_Duka_Gikomba

Mimi nina swali la ukweli kabisa, msinirukie. Kwa nini tuhesabu nani mwanamke nani mwanamume? Mwenye uwezo atapita tu. Mbona sokoni hatuhesabu? Akina mama wameshika Gikomba na hakuna aliyewapa nafasi.

FundiStima_Umoja (mwenye uzi)

Kaka, sikurukii, swali ni zuri na nitalijibu kwa kazi yangu.

Mimi ni fundi wa stima. Nafunga waya kwenye majengo. Uwezo ninao, nina vyeti, na kontrakta akinipa ramani ya nyumba naisoma bila kuuliza. Mjengo mmoja mkubwa niliofanya huku Eastlands, wanawake tulikuwa wanne kati ya mafundi na vibarua wengi sana. Choo kilikuwa kimoja, cha mabati, mlango wake unafungwa kwa waya wa binding, na kilijengwa karibu na mchanganyiko wa zege mahali ambapo wanaume wote wamesimama. Pa kubadilishia nguo hapakuwepo. Tulikuwa tunavaa ovaroli ndani ya stoo ya simiti, mmoja anashika mlango wengine wanabadilisha, vumbi linaingia kila mahali. Mwenzetu mmoja alikuwa hanywi maji tangu asubuhi hadi saa kumi ili asiende choo kile. Jua la Januari, ghorofa ya nne, unachimba ukuta kupitisha mabomba ya waya, na hunywi maji. Akaugua, akaacha kazi. Alikuwa fundi mzuri kuliko mimi.

Sasa mtu akija kuhesabu atasema, "Wanawake hawadumu mjengoni." Atakuwa amehesabu sawa, lakini hajui kwa nini. Hakuna aliyeandika popote kwamba wanawake wasifanye kazi pale. Choo tu.

Na Gikomba umesema vyema. Sokoni hakukuwa na barua ya kuajiriwa, hakukuwa na nyumba ya cheo, hakukuwa na mtu wa kukuambia nafasi imeshachukuliwa. Ukiwa na mzigo na mahali pa kuutandika, unauza. Kwa hiyo akina mama walijaa. Wewe mwenyewe umetoa ushahidi kwamba pasipo kizuizi hawahitaji kusukumwa.

Mwenye_Duka_Gikomba

Hapo kwa choo umenifunga mdomo. Gikomba pia vyoo ni vita. Endelea, nasoma.

Mkimbiaji_wa_Ngong

Naomba niingie kwa upande wa riadha, maana hoja ya mwenye uzi inaonekana wazi kabisa huku, hadi kwenye saa.

Medali ya kwanza ya Olimpiki ya Kenya ni shaba ya Wilson Kiprugut, 1964. Ya kwanza ya mwanamke ni fedha ya Pauline Konga, mita 5000, Atlanta 1996. Miaka 32. Dhahabu ya kwanza ya mwanamume ni Naftali Temu, Mexico 1968. Ya mwanamke ni Pamela Jelimo, mita 800, Beijing 2008. Miaka 40 kamili.

Mtu anaweza kusema wanawake wetu hawakuwa wepesi. Sasa tazama ratiba ya Olimpiki yenyewe. Kip Keino aliposhinda mita 1500 mwaka 1968, mbio hiyo kwa wanawake haikuwepo. Ilianza 1972. Marathoni ya wanawake ilianza 1984. Mita 10,000 ni 1988. Mita 5000 ni 1996, yaani Konga alipata fedha mara ya kwanza kabisa mbio hiyo kukimbiwa na wanawake! Kuruka viunzi na maji, mbio ambayo Kenya tunaiita yetu, wanawake waliruhusiwa 2008. Umbali mrefu ndio uwezo wetu, na umbali mrefu ndio waliokatazwa. Waliokuwa wanapanga ratiba walidai mwili wa mwanamke hauwezi.

Na wasichana walikuwepo. Mexico 1968 Kenya ilipeleka wanawake watatu, Lydia Stephens, Elizabeth Chesire na Tecla Chemabwai, wote mbio fupi na za kati kwa sababu ndizo zilizokuwepo. Kisha 1976 na 1980 Kenya ikasusia. Miaka ya mwanariadha ni michache, ukikosa michezo miwili umekwisha.

Tegla Loroupe alishinda New York 1994, Mwafrika wa kwanza mwanamke kushinda marathoni ile, kisha akavunja rekodi ya dunia 1998 Rotterdam na tena 1999 Berlin. Huku Ngong tunamjua kwa jambo jingine pia: ndiye aliyewakusanya na kuwafunza wakimbiaji watano walioingia kwenye timu ya wakimbizi ya Olimpiki 2016. Walikuwa wakikimbia barabara hizi zetu za vumbi.

Tangu 1996 hadi leo mambo yamekwenda mbio zenyewe. Faith Kipyegon, mwanamke wa kwanza duniani kushuka chini ya 3:50 kwa mita 1500, Florence 2023, na wa kwanza kushinda Olimpiki tatu mfululizo za mbio hiyo. Beatrice Chebet, mwanamke wa kwanza chini ya dakika 29 kwa mita 10,000 mwaka 2024, na wa kwanza chini ya dakika 14 kwa mita 5000 mwaka 2025. Hawa hawakuwa wa kwanza Kenya tu. Ni wanawake wa kwanza tangu binadamu aanze kupima muda. Miaka ya ratiba ndiyo iliyotuchelewesha.

FundiStima_Umoja (mwenye uzi)

Nimesoma mara mbili. Sikuwahi kufikiria kwamba mbio yenyewe inaweza kuwa haipo. Asante sana kaka.

NesiMstaafu

Wanangu, hamjambo. Mimi nimestaafu, nasoma tu humu, lakini leo naandika.

Naomba tutoe heshima kwa Eunice Kiereini. Alikuwa muuguzi mkuu wa Kenya, na mwaka 1981 hadi 1985 aliongoza Baraza la Kimataifa la Wauguzi, Mwafrika wa kwanza kukalia kiti kile. Wakati sisi tunafanya zamu za usiku, taa ya mafuta mezani kwa sababu stima imepotea, tulikuwa tukijua kwamba anayeongoza wauguzi wa dunia ni wa kwetu. Ilitutia nguvu kuliko mnavyofikiri.

Na Phoebe Asiyo msimsahau. Watu wanamjua kwa ubunge wa Karachuonyo. Kabla ya hapo alikuwa afisa wa magereza, mwanamke Mwafrika wa kwanza kufika cheo cha mrakibu mwandamizi, na alikuwa mwenyekiti wa kwanza Mwafrika wa shirika la Maendeleo ya Wanawake. Mwaka 1997 alipeleka hoja Bungeni ya kuwapa wanawake sehemu maalumu ya viti. Ikaangushwa. Miaka 13 baadaye Katiba ya 2010 ikaandika kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili kwenye vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa. Aliishi kuliona hilo; alifariki 2025.

Mdadisi254

Shikamoo mama. Ila theluthi mbili yenyewe Bunge halijaitimiza. Jaji Mkuu Maraga alimshauri rais alivunje Bunge Septemba 2020 kwa sababu hiyohiyo, na Bunge likaendelea kukaa.

NesiMstaafu

Marahaba mwanangu. Najua. Ndiyo maana nimesema "ikaandika".

Anga_la_Nairobi

Sasa la kwangu. Ni wangapi hapa wanapita Lang'ata Road kila siku wakiona kibao cha Wilson Airport? Wilson ni nani? Nimewauliza makondakta, nimewauliza wahadhiri. Wengi wanasema ni mzungu fulani, bwana fulani wa vita.

Ni mwanamke. Florence Kerr Wilson. Mwaka 1929 alianzisha Wilson Airways hapa Nairobi, wakati ndege zenyewe bado ni za mbao na kitambaa. Kampuni ilibeba barua na abiria hadi vita vya 1939 vilipoanza na ndege zikachukuliwa na jeshi. Uwanja ulikuwa ukiitwa Nairobi West, na mwaka 1962 ukapewa jina lake. Na Beryl Markham, aliyelelewa Njoro na kufia Nairobi 1986, ndiye mwanamke wa kwanza kuvuka Atlantiki peke yake kutoka mashariki kwenda magharibi, Septemba 1936. Alitoka Uingereza, akaangukia kwenye kinamasi cha Nova Scotia, Kanada, baada ya saa zaidi ya ishirini hewani dhidi ya upepo. Alitoka mzima.

Lakini kama mwenye uzi alivyosema kuhusu umeya, anga ile ilikuwa ya walowezi. Kwa hiyo hesabu ya Mwafrika inaanza mbali sana. Irene Koki Mutungi alijifunza kuruka palepale Wilson, akaenda Marekani kumalizia leseni, akaajiriwa Kenya Airways miaka ya tisini. Rubani wa kwanza mwanamke wa shirika hilo. Na jibu la swali lenu la "wa pili alikuja lini" ni hili: alikaa miaka sita akiwa mwanamke pekee kwenye chumba cha marubani. Miaka sita ya abiria kusikia sauti yake kwenye spika na kugeuka kutazamana. Mwaka 2014 akawa mwanamke wa kwanza Mwafrika kuwa kapteni wa Boeing 787.

Ukitoka 1962 hadi hapo, jina la mwanamke limekaa juu ya uwanja muda wote ule, na msichana wa Kibera, ambaye anaziona ndege zikipita juu ya bati lao kila baada ya dakika chache, hakuwa na njia ya kuingia getini.

FundiStima_Umoja (mwenye uzi)

Hili la Wilson nimekaa Nairobi maisha yangu yote na sikulijua. Nimeshawaambia majirani watatu.

Niongeze mawili kwa haraka. Jeshi: wanawake waliandikishwa kwenye kikosi chao cha pembeni, Women's Service Corps, tangu mwanzo wa miaka ya sabini hadi kilipovunjwa 1999 wakaingizwa kwenye vikosi vya kawaida. Fatuma Ahmed alijiunga 1983. Brigedia wa kwanza mwanamke 2015, meja jenerali wa kwanza 2018, na 2024 akakabidhiwa Jeshi la Anga, mwanamke wa kwanza kuongoza tawi la jeshi letu. Miaka 16 ya mwanzo ya kazi yake aliifanya ndani ya kikosi ambacho kwa muundo wake hakikuwa na njia ya kufika huko. Vyeo vya juu vilikuwa ng'ambo ya ukuta. Mtu asiniambie alichelewa.

Mahakama: Effie Owuor alikuwa jaji wa kwanza mwanamke wa Mahakama Kuu, miaka ya themanini. Jaji Mkuu wa kwanza mwanamke, Martha Koome, Mei 2021. Hapo kati ni karibu miaka 40, na wanawake mawakili walijaa Nairobi muda wote huo.

Mzee_wa_Kaloleni

Hamjambo vijana. Uzi huu nimesomewa na mjukuu wangu, naye ndiye anaandika.

Mmesema vyeo. Mimi nitasema mtu ambaye hakuwa na cheo. Machi 1922 Harry Thuku, kiongozi wa kupinga ukoloni, alikamatwa, watu wakakusanyika nje ya kituo cha polisi, hapo panapotazamana na hoteli ya Norfolk. Tarehe 16 wazee walitoka kuzungumza na wakubwa, wakarudi wakawaambia watu waende nyumbani. Mary Muthoni Nyanjiru akasimama, akainua nguo yake juu ya mabega, akawaambia wanaume wavae nguo yake wampe yeye suruali zao. Kwa mila zetu hilo ni neno zito, mama hafanyi hivyo ila mambo yamefika mwisho. Umati ukasonga mbele. Polisi wakapiga risasi, na wazungu waliokuwa veranda ya Norfolk wakapiga pia. Yeye alikuwa kati ya wa kwanza kuanguka.

Barabara pale leo inaitwa Harry Thuku. Ni sawa. Lakini wale kina mama walioketi Uhuru Park mwaka 1992 wakidai wana wao wafungwa wa kisiasa, walipopigwa na polisi wakavua nguo, walikuwa wanajua wanamfuata nani. Kutoka mahali hadi mahali ni mwendo mfupi kwa miguu. Kisha wakahamia chini ya kanisa la All Saints wakakaa karibu mwaka mzima, hadi wengi wa wale vijana wakaachiliwa 1993. Na Wangari wenu alikuwa nao, alipigwa siku ile hadi akazimia.

FundiStima_Umoja (mwenye uzi)

Mzee, shikamoo, na asante. Mwambie mjukuu ameandika vizuri.

Hili limenifanya nifikiri upya juu ya orodha zetu. Tunahesabu wa kwanza kwa vyeo kwa sababu cheo kina tarehe ya kuapishwa, kina gazeti la serikali, kina picha. Nyanjiru hana cheo cha kuandikwa. Naomba kila anayechangia kuanzia sasa alete angalau mmoja wa aina hiyo kutoka kwao.

Kidato_cha_Nne_Dagoretti

Shikamooni wote. Nimesoma uzi wote usiku huu badala ya kusoma kemia. Mimi ni msichana, nafanya mtihani wa KCSE mwaka huu, nataka kusomea ufundi wa ndege, si urubani, ufundi wa injini. Nyumbani wanasema nitapata shida. Kuna mwanamke aliyetangulia ambaye naweza kumuuliza maswali?

Anga_la_Nairobi

Wapo, mdogo wangu, na si mmoja. Fizikia na hesabu zako zikoje? Hayo mawili ndiyo watayatazama kwanza. Likizo ikifika, mwombe mwalimu wako aandike barua ya kuomba ziara ya shule kule Wilson, wasichana kama kumi au kumi na tano. Shule za urubani na karakana nyingi ziko ndani ya uwanja ule. Barua iwe na muhuri wa shule, itaje tarehe mbili za kuchagua, na iseme wazi kwamba mnataka kuona karakana, maana wageni wengi wanaonyeshwa ndege tu na kupigwa picha. Mkishafika, wewe muulize fundi mwanamke yeyote utakayemkuta kuhusu zamu za usiku na nani hulipia mafunzo.

FundiStima_Umoja (mwenye uzi)

Na muulize kuhusu choo na pa kubadilishia ovaroli. Usione haya kuuliza hilo.

Sasa funga simu urudi kwenye kemia. Ukipata tarehe ya ziara, irudishe humu, mimi nitakuja na binti zangu wawili kama shule itaruhusu.